Barafu Ilipofika Eburru

Jiwe lilinifikia hapa Salgaa, kituo cha malori, likiwa ndani ya soksi ya kijivu. Dereva wa lori la vitunguu kutoka Naivasha aliingia hotelini ninapopika, akaniita pembeni, akanikabidhi.

"Wewe ndiye dada yake Limo? Amesema nikupe mkononi, nisimwachie mtu mwingine. Nimebeba jiwe kutoka Naivasha mpaka hapa, mathe, na njia nzima ni mawe matupu. Nikasema hii familia iko na mambo."

Nilicheka naye, nikamletea chai na chapati mbili. Sikuhitaji kufungua soksi. Nilishika tu, nikahisi ile baridi ikipenya kitambaa na kuingia kiganjani, nikajua. Ni jiwe jeupe, kubwa kidogo kuliko ngumi yangu, na upande lilikovunjika linametameta kama sukari. Lilikuwa la Anko Kibet, kaka ya mama. Limo, ndugu yangu mdogo, alikuwa amemzika wiki mbili kabla. Mimi sikwenda. Nilimwambia Limo nimekosa ruhusa kazini, na hapa ninapofanya kazi hakuna mtu wa kuombwa ruhusa.

Nililiweka juu ya rafu, kati ya chumvi na kopo la majani chai. Kila nilipopita nililigusa. Lilikuwa baridi tu, kama siku zote.

Tulikuwa tunakaa juu Eburru. Wasiopajua huniuliza kama ni kweli ardhi ya kule inafuka moshi. Si moshi, ni mvuke. Unatoka kwenye nyufa na vishimo, asubuhi ukiamka unaona mlima mzima kama sufuria zilizofunikwa vibaya. Mto hakuna. Kwa hiyo watu hutega mvuke. Unatafuta tundu linalopumua vizuri, unalijengea kwa mawe na udongo, unachomeka bomba refu lililolala kwa mteremko, na mvuke ukipita mle ndani unapoa, unageuka maji, unadondoka kwenye pipa. Tone, tone, tone, usiku na mchana. Nimelala na mlio huo miaka yote ya utoto wangu, na mpaka leo mahali penye kimya kabisa hunikosesha usingizi. Maji yenyewe yalikuwa na ladha ya chuma na harufu ya kiberiti kilichotoka kuwashwa sasa hivi. Chai ya watu wengine ilinishinda kwa muda mrefu kwa sababu haikuwa na harufu hiyo.

Mtego ukiziba, lazima mtu aingie shimoni akaukwangue. Na kabla hajaingia, anateremsha koroboi kwa kamba. Ile taa ndogo ya kopo, yenye utambi wa kitambaa. Ikifika chini bado inawaka, anaingia. Ikizimika, anarudi nyumbani, anajaribu kesho. Nilimwona Mama akifanya hivyo mara nyingi, na Anko pia, na sikuwahi kuuliza sababu, mimi niliyekuwa nauliza kila kitu. Niliona sababu iko wazi. Walikuwa wanamulika nyoka.

Ni kosa lao pia, lakini naelewa. Nyuma ya boma letu kulikuwa na shimo la zamani, kama chumba kidogo kilichochimbwa ubavuni mwa mlima. Unaingia kwa kuinama, sakafu iko chini kuliko mlango kwa hatua mbili. Mvuke wake ulikuwa umehama miaka mingi, kuta zikabaki na joto. Tuliambiwa, "Msiingie mle, kuna nyoka." Mtoto ukimwambia kuna nyoka anaelewa. Ukimwambia kuna hewa ya kuua, atakuuliza iko rangi gani.

Anko Kibet alikuja kukaa nasi baada ya kibarua chake kuisha kule milima ya Pokot. Alikuwa mbeba mizigo wa watu wanaopima miamba. Wao wanagonga kwa nyundo, yeye anabeba. Alirudi na mgongo mbovu na lile jiwe, akaliweka dirishani mwa jikoni alipokuwa akilala.

"Hili," aliniambia, "lina umri mkubwa kuliko mlima huu. Mlima huu ni mtoto, wa juzi. Hili lilikuwa matope chini ya bahari. Likafunikwa, likapikwa, likakandamizwa, likawa jeupe hivi."

"Bahari iko Pokot?"

"Ilikuwa. Na ndani hakuna samaki. Hakuna samaki popote, hakuna nyasi, hakuna hata mbu. Kulikuwa na utelezi tu wa kijani, kama ule ulioshika pipa letu."

"Nani aliuona?"

"Hakuna."

"Sasa walijuaje?"

"Wee Maswali, mimi nilikuwa nimebeba mawe. Nilisikia nusu, nusu nyingine nilikuwa nahema."

Ndivyo alivyoniita, Maswali. Jina langu la kweli alilitumia siku moja tu.

Nilipenda habari zake zote, lakini moja ilinikaa kooni. Alisema wakati wa ule utelezi dunia iliwahi kuganda. Si mlima mmoja wenye theluji kileleni. Yote. Bahari iliota gamba la barafu, na barafu ilitambaa kutoka huku na kutoka kule mpaka ikafika ikweta.

Sasa ikweta nilikuwa naijua. Baba, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani mjini na kulala mtaa wa Bondeni, alikuwa amenipeleka kwa rafiki yake upande wa Mogotio, nikaona kibao cha ikweta kando ya barabara, watu wamesimama wakipigwa picha. Kwa hiyo niliposikia barafu ilifika mpaka ikweta, nilielewa kwamba ilifika kwenye kile kibao ikasimama. Na kitu kilichosimama kinaweza kuendelea. Nilihesabu vijiji kati ya kibao na kwetu. Havikuwa vingi.

"Na ule utelezi ulikufa?"

"Mwingi ulikufa. Uliobaki ni ule uliojibana penye moto. Penye maji moto, penye mvuke kama huu wetu. Ulikaa hapo ukingoja."

"Ukingoja nini?"

"Volkano. Zilipumua, zikapumua, hewa ikajaa juu kama blanketi, dunia ikapata joto, barafu ikaisha."

Mama alikuwa anachambua maharagwe. "Kibet, wewe na hizo barafu zako. Huyu mtoto ataanza kuota."

"Wacha aote. Ndoto inamaliza chakula cha nani?"

Nilipobaki peke yangu jikoni nililigusa jiwe. Jeupe, linametameta, baridi hata mchana wa jua kali. Nikajua Anko amekosea jambo moja. Hili halikuwa tope lililopikwa. Hiki kilikuwa kipande cha ile barafu, kilichokataa kuyeyuka.

Siku yenyewe ilikuwa ya likizo. Mama na Anko waliteremka kusagisha mahindi, magunia mawili, punda mmoja. Mimi nilikuwa na miaka tisa, Limo mitatu. "Usitoke na mtoto," Mama alisema. "Moto usizime. Tunarudi kabla ya saa kumi."

Baada ya chakula cha mchana mlima uliingiwa na giza la rangi ya sufuria. Kuku waliingia ndani wenyewe. Kisha likaanza jambo ambalo kila mtu wa juu amewahi kuliona, mvua ya mawe, ila siku ile haikukoma. Ilipiga mabati ya nyumba kubwa mpaka nikaona mdomo wa Limo umefunguka na kilio hakisikiki. Paa la jikoni, tulimokuwa, lilikuwa la nyasi. Upande mmoja ulilala chini, barafu ikamwagika juu ya mafiga kama mtu anayemimina mbegu, na moto ukazimika kwa sauti moja ndefu.

Halafu kimya. Nilichungulia mlangoni. Shamba lote lilikuwa jeupe. Viazi vimefunikwa, njia imefunikwa, mlima kule ng'ambo ni mweupe. Harufu ya majani yaliyopondwa ilijaa kila mahali, harufu kali ya kijani kama mtu ameikamua dunia. Pumzi yangu ilitoka kama mvuke wa bomba. Na dirishani lile jiwe lilikuwa limezungukwa na vipande vilivyoingia kwa upepo, vyeupe kama lenyewe, huwezi kujua lipi ni lipi.

Nikaona kila kitu. Imevuka kibao. Na jiwe ndilo lililoita wenzake.

Nililirusha nje kwa nguvu zangu zote ili barafu ichukue kilicho chake. Nilingoja. Haikuondoka. Limo alikuwa amelowa mpaka chupi, anatetemeka, midomo imekuwa rangi ya zambarau. Hapo sikuwa na shaka tena kuhusu la kufanya. Nilimfunga mgongoni kwa leso, nikachukua koroboi, kiberiti, gunia kavu na fimbo ya nyoka. Uliobaki ni ule uliojibana penye moto.

Shimo la zamani lilikuwa na joto kama tumbo la ng'ombe. Nilitandika gunia sakafuni, nikamketisha Limo, nikavuta kipande cha bati kilichokuwa hapo nje nikaziba mlango ili baridi isitufuate. Huko nje vipande vya barafu viliporomoka kutoka juu vikalikandamiza bati. Nilifurahi. Tumefungwa vizuri.

Nilibaki nimesimama, nachungulia kwenye tundu la msumari, maana mtu mkubwa ndiye anayelinda.

"Umeona, Limo? Hapa haiji."

"Mama," alisema Limo.

"Anakuja."

"Mama."

Akanyamaza. Nikamwona amejilaza kwenye gunia. Ameacha kutetemeka. Nilijisikia kama nimeokoa dunia nzima.

Sijui dakika ngapi zilipita. Kichwa kilianza kuniuma juu ya macho, moyo ukawa unapiga mbio bila mimi kukimbia. Nikakumbuka nyoka. Niliwasha koroboi usawa wa kifua changu, ikawaka vizuri, nikaiteremsha kwenda kumulika gunia. Ikazimika.

Nikadhani ni unyevu. Niliiwasha tena. Ikawaka. Nikaiteremsha polepole zaidi. Ikafika kiunoni kwangu, ikazimika.

Mara ya tatu nilikuwa nimebaki na njiti mbili. Ningeweza kuacha. Limo amelala, pana joto, nyoka hawajaonekana. Lakini sikuwahi kuweza kuacha kitu kinachofanya jambo lilelile mara mbili. Niliwasha, nikaiteremsha kidogo kidogo huku nikitazama mwali. Pale pale. Kiunoni pale pale. Mwali ulinyanyuka kutoka kwenye utambi, ukakatika, kama taa uliyoichovya ndani ya maji. Na moshi wake haukupanda. Ulitandaa hewani, bapa kabisa, ukaelea kama utando juu ya maziwa.

Chini ya ule utando alikuwa Limo.

Sikujua hewa inaweza kujaa mahali kama maji. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilijua tu kwamba pale kuna kitu ambacho taa haiwezi kuishi ndani yake, kina kimo, na kimo chake kinamzidi ndugu yangu. Niliinama kumshika na kitu kikanichoma puani, vile soda inavyokurudia ukiinywa kwa haraka. Nilibana pumzi kama ninavyofanya ndani ya pipa nikioga, nikamshika kwapani, nikamvuta. Kichwa chake kilianguka nyuma. Alikuwa mzito kuliko gunia la mahindi.

Bati halikusogea.

Nilisukuma kwa bega. Barafu niliyoifurahia ilikuwa imelishikilia kutoka nje. Nilimweka Limo begani juu kabisa, uso wake usawa na wangu, nikageuka nikasukuma kwa mgongo, miguu nimeikaza kwenye ukuta wa moto. Nakumbuka niliona vidoa vyeusi, na nakumbuka niliwaza kwa utulivu kabisa kwamba nikikaa chini nitaelewa kila kitu. Sikukaa. Bati likalia, likapinda kona, mwanga ukaingia, tukatoka kwa upenyo huo, tukaanguka.

Nilimlaza juu ya barafu. Hakupumua. Nilimwita. Nilimzaba kofi. Kisha nikachota barafu kwa mikono miwili nikamsugua usoni, kifuani, shingoni, ile ile niliyomficha isimpate, mpaka akavuta pumzi moja yenye mlio kama bawaba ya mlango, akatapika, akalia. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama hiyo tena.

Walitukuta hapo. Mama aliacha punda njiani akaja akikimbia na kuteleza, akamnyakua Limo. Anko alifika nyuma yake. Aliangalia bati, akaangalia shimo, halafu akaona koroboi iliyokuwa bado mkononi mwangu. Alichuchumaa mbele yangu, uso wake umekuwa wa majivu.

"Cherono," alisema. "Ilizimika wapi?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Mama akanikata.

"Nani alikuambia uingie mle? Niangalie. Nani?"

Uso wake sikuwahi kuuona vile. Nilikuwa na miaka tisa na ndugu yangu alikuwa karibu afe kwa mkono wangu.

"Anko," nikasema. "Anko alisema barafu ikija twende tujifiche penye mvuke."

Hakuwahi kusema hivyo. Alisema habari za utelezi. Aliniangalia kwa muda, na mimi nikaangalia miguu yangu.

"Kibet, ulimwambia?"

"Nilimwambia," alisema Anko.

"Basi utoke kwangu."

Alitoka kesho yake asubuhi. Barafu ilikuwa imeyeyuka, shamba ni tope na mashina yaliyovunjika. Lile jiwe lilikuwa limebaki peke yake katikati ya viazi, jeupe vile vile. Nilimwona akiliokota, akalipangusa kwenye suruali, akaliweka mfukoni. Hakugeuka kunitazama. Nilikuwa mlangoni na jibu lake mdomoni.

Shule niliiacha miaka michache baadaye, na sijakaa mahali pamoja tangu hapo. Nimekata maua Naivasha. Nimefanya kazi karibu na Gilgil kwenye machimbo ya ule udongo mweupe mwepesi, ambao nilikuja kuambiwa ni maganda ya viumbe visivyoonekana kwa macho. Nimeuza mahindi ya kuchoma Bogoria, pale maji yanaporuka yakichemka, na kando ya maji yale nimepiga magoti nikatazama utando wa kijani na wa chungwa ulioshika mawe, ukiishi vizuri mahali ambapo yai linaiva. Popote nilipokutana na watu wa miamba niliwauliza. Wengine walicheka, wengine walikaa chini wakanieleza. Ni kweli, iliganda, au karibu yote. Ni kweli, viumbe wadogo waliponea penye joto. Na hewa ile iliyotoka kwenye volkano ikaiyeyusha barafu ndiyo hewa iliyokuwa imejaa shimoni kwetu kufikia kiuno changu. Ile iliyoiokoa dunia. Anko alikuwa amesikia nusu tu akiwa anahema, na nusu hiyo ilikuwa sahihi.

Kwake sikufika. Nilijua anaishi Keringet, analima viazi. Nimepita njia panda ya kwenda huko mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Limo alikuwa akienda kumwona. Mimi nilituma salamu.

Jana jioni, nilipomaliza vyombo, Limo alipiga simu.

"Jiwe limefika?"

"Limefika."

"Bado baridi?"

"Bado."

Nilikaa kwenye kreti la soda. Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia kibao cha ikweta mpaka maneno niliyomsingizia Anko mbele ya Mama, na kwamba ndiyo sababu sikuja mazishini. Ilichukua muda. Nje malori yalikuwa yanapanga mstari, mtu akimtukana mwenzake kwa kumzibia njia.

"Najua," Limo alisema. "Nilimuuliza nikiwa mkubwa. Alisema mtu alikuwa lazima afukuzwe siku ile, na wewe ulikuwa mdogo kufukuzwa."

Nilinyoosha mkono mpaka rafuni nikaligusa jiwe.

"Halafu kuna kitu," alisema. "Hospitalini aliniambia nikikupa jiwe nikuulize, maana hukuwahi kumjibu. Mimi sikuelewa. Ati ilizimika wapi?"

Nilisimama. Jikoni hapakuwa na mtu. Niliweka mkono kiunoni nilipoukumbuka mwali ukikatika, kisha nikaona si hapo, hicho kilikuwa kiuno cha mtoto wa miaka tisa. Nikaushusha taratibu kando ya mguu wangu, vile nilivyoishusha taa.

"Hapa," nikamwambia Limo. "Chini kidogo ya nyonga."